Nafasi ya Vidole Vitatu

Orodha ya kwanza niliimaliza jana:
watoto wa agano, majina kumi na manane.
Hagai mtia rangi, Yuda wa duka la mafuta,
Samweli mzee wa baraza, aliyetoa kuliko wote
akaomba jina lake lisitangulie.
Kisha wakaniambia niache nafasi, vidole vitatu,
marumaru tupu,
ndipo nianze ya pili:
Na hawa ndio wamchao Mungu.

Hawa ni sisi. Zosimo mfua shaba. Papia muuza kuku.
Eutikho wa hamamu, anayenuka jivu hata sikukuu.
Sote tulichangia jiko la maskini,
sufuria moja, dengu zile zile;
mwenye njaa haulizwi babu yake alisimama mlima gani.
Jiwe linauliza.

Nikamwuliza Hagai: vidole vitatu hivi ni vya nini?
Alikuwa amekaa kwenye gogo, mikono buluu hadi viwikoni,
akila zeituni na kutemea kokwa kiganjani.
Akasema: Baba zangu walisimama chini ya Sinai
wakajibu tutatenda, kabla hawajajua watatenda nini,
wakatuweka rehani sisi tusiozaliwa.
Baba yako wewe ni Nuhu. Hakupewa mlima.
Alipewa matope, uvundo wa wanyama waliofungiwa mwaka mzima,
na upinde mawinguni.
Zako ni saba.
Usiue. Usiibe. Usilale na mke wa mtu.
Usimkufuru Mwenyezi. Pawe na mahakama mjini.
Usile nyama iliyokatwa kwa mnyama aliye hai.
Nikacheka: nani afanye hivyo?
Mjomba wako wa milimani, akasema, na mkia wa kondoo,
ulinisimulia mwenyewe.
Ya saba hakuitaja. Aliitazama patasi yangu.

Msimu uliopita wa mavuno nilijaribu kuibeba torati yote.
Jumamosi nne sikugusa nyundo.
Amia akatoa jikoni nyama ya nguruwe
aliyoikausha marehemu mama yake, akalia kidogo.
Nikamwendea Hagai nikijiona.
Hakufurahi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
akaniambia, mpaka mvua ikukute nao njiani.
Ukitaka kuingia, mlango upo, kisu kipo, na kutoka hakupo.
Usipotaka, usivae joho langu ukarandia nalo sokoni.
Mungu hakukudai hilo. Amekudai jambo jingine.

Jambo jingine liko karakanani, limefunikwa gunia.
Mungu wa kike wa lango la mashariki,
magoti tayari, mikunjo ya nguo tayari
(mikono yangu haijawahi kutoa mikunjo kama ile),
uso bado.
Nusu ya malipo nilishapokea.
Imekuwa paa, imekuwa vyombo
alivyoondoka navyo binti yetu kwa mumewe.
Nikimpa uso, navunja amri. Nikiwanyima wenye fedha yao,
navunja nyingine. Saba tu, na tayari zinagombana,
na Hagai mwenye mia sita na kumi na tatu analala usingizi!

Halali. Nimemwona Ijumaa jua likishuka,
akitimka kutoka kwenye mapipa, akisugua kucha kwa mchanga.
Siku moja alininong'oneza:
Glikoni, wewe unaweza kuchoka.
Mimi sina ruhusa.

Leo nimefika mstari wa mwisho.
Kila jina na kazi yake, ndivyo walivyotaka.
Nimepiga mstari wa chokaa, nimepuliza vumbi.
Glikoni, mchonga
na hapo nimesimama.
Mchonga nini?

Samweli amepita, akasoma jiwe kwa kidole, kama afanyavyo
tangu macho yamwishie. Kidole kikafika hapo, kikabaki hewani.
Hakusema kitu. Ameniachia nusu mkate.
Jua bado lipo. Pamebaki nafasi ya neno moja,
nimeipima: vidole vitatu,
vinne nikibana herufi.